Uso wa Kehinde

Kehinde alikwenda sokoni siku ya Jumatano, kabla ya adhuhuri. Ndivyo ilivyosemwa nyumbani kwa Rafiu mpiga picha, pale Ogbomosho, kwa sababu pacha hatamkiwi lile neno la kifo. Nesi mmoja, mgeni wa mji, alilitamka akiwa mlangoni, na wanawake wakamzomea kwa pamoja hadi akaomba radhi bila kujua kosa lake.

Baba mtu hakuwepo. Alikuwa Oyo, akipiga picha za harusi kwa tajiri mmoja mwenye malori. Alirudi kesho yake mchana, begi la kamera begani, akakuta viti vya kuazima vimepangwa uani na viatu vya watu vimejaa mlangoni. Alisimama hapohapo kwenye viatu. Mama yake, Bibi Ayoka, alimwendea, akamvua begi lile kama anavyovuliwa mtoto aliyetoka shule.

"Yupi?" Rafiu aliuliza.

"Kehinde. Surua ilimshukia kifuani. Tumemzika jana, hatukuweza kukungoja."

"Na Taiwo?"

"Yumo ndani na mama yake. Anayo vilevile. Ukiingia usiingie na taa, macho yanamuuma."

Rafiu hakuingia kwanza. Alikaa kwenye kimoja cha vile viti vya kuazima, nyumbani kwake mwenyewe, akapokea pole kama mgeni. Alitikisa kichwa, akajibu "amina" pale palipotakiwa amina. Mikono yake ilikuwa bado inanuka manukato ya bibi harusi wa Oyo, aliyeshikwa kidevu mara nyingi ili aangalie vizuri.

Jirani yao Alhaja Sidi, muuza vitambaa, ndiye aliyeuliza. Hakuwa na ubaya.

"Baba Pacha, Mungu akupe subira. Hebu tuletee picha yao, tumtazame mtoto tunapomwombea."

Sebule ya Rafiu ilikuwa ndiyo chumba cha kupokelea wateja. Ukutani walijaa watu wa mji: maharusi, mahujaji waliorudi na vilemba vipya, vijana walioshika vyeti, golikipa mmoja na mpira wake, na watoto wa kila mtu. Rafiu aliinuka, akafungua kabati, akarudi na kapicha kadogo kalikokunjamana pembeni. Kalikuwa hako tu. Kalipigwa siku ya arobaini: mabunda mawili ya shali kitandani, kila bunda na pua yake.

Alhaja Sidi alikasogeza karibu na macho.

"Kehinde ni yupi hapa?"

Rafiu alikachukua, akakatazama, akakageuza nyuma, akakarudisha mbele.

"Sijui," akasema.

Mzee mmoja akajaribu kumfunika aibu. "Mganga hajigangi," alisema kwa upole.

"Lakini angalau hujipima homa," akajibu mwenzake wa pembeni, na watu wawili watatu wakacheka kabla ya kukumbuka walikuwa wapi.

Haikuwa kwamba Rafiu hakuwapenda wanawe. Alikuwa akingoja. Aliwaambia watu, na alijiambia mwenyewe, kwamba pacha wake hawatapigwa picha ovyo, wakikodoa macho mbele ya taa ya kumulika kama sungura barabarani. Watapigwa Idi ikija, wakiwa na nguo mpya. Halafu Idi ilikuja na mteja akaja nayo. Mwaka uliofuata akanunua lenzi kubwa kwa mwalimu Mkanada wa kemia aliyekuwa akirudi kwao, akasema sasa basi, watapigwa kwa lenzi hii. Fedha iliyonunua lenzi ilikuwa imewekwa kwa ajili ya mabati ya jikoni.

Mke wake Asabi hakupiga kelele siku ile. Aliliinua lile dude zito, kioo chake cha mbele kipana kama mdomo wa kikombe, akalitazama, akamtazama mumewe. "Kwa hiyo mke mwenza amefika," alisema. "Ana jicho moja tu, lakini limekula mabati yangu yote." Tangu hapo, mvua ikinyesha jikoni, alikuwa akiita kuelekea studio, "Mwambie mke mwenzangu aje akinge ndoo!" Na watoto wakajifunza. Kehinde, aliyekuwa msemaji kuliko mwenzake, alikuwa akigonga mlango wa studio na kusema, "Mke mwenza, njoo ukinge!" kisha anakimbia.

Wageni walipopungua, Bibi Ayoka alivuta kiti karibu na mwanawe.

"Utampiga Taiwo," alisema. "Utamtoa mara mbili, kama unavyowatolea watu."

Rafiu aliijua kazi hiyo. Aliijua kuliko wapiga picha wote wa mji ule. Mzazi huja na pacha mmoja aliyebaki. Mtoto huketishwa upande huu wa kiti, akapigwa, kisha huketishwa upande wa pili, akapigwa tena. Picha hizo mbili huchapwa kwenye karatasi moja, na wanaonekana wawili, bega kwa bega. Rafiu alikuwa hodari wa kuficha mshono wa katikati kwa chungu cha maua. Wengine walikuwa wakiuonyesha. Mshono wake haukuonekana.

"Anaumwa, Mama."

"Ndiyo maana. Unadhani mwenzake amekwenda mbali? Bado yuko mlangoni, anamtazama. Asipopata mahali pa kukaa humu ndani, kwenye picha, akapewa maharage yake na mafuta yake, atamvuta huyu wake wacheze wote. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya pacha, usinifundishe."

Popoola, mpiga picha wa karibu na stendi, alikuwa amebaki akimalizia chai. Alikuwa mshindani wa Rafiu siku za kawaida na rafiki yake siku za msiba.

"Kama shida ni giza, chukua taa yangu mpya," alisema. "Inamulika kama radi. Mmuliko mmoja tu, kufumba na kufumbua, mtoto hatajua hata kilichopita."

Kutoka ndani ya chumba kilichofungwa ikatoka sauti ya Asabi, iliyokwisha kukauka kwa kulia: "Kammulike mama yako!"

"Asabi!" Bibi Ayoka alishtuka.

"Mwache, Bibi," Popoola alisema akiweka kikombe chini. "Mama yangu mwenyewe hapendi kumulikwa. Tangu nianze kazi hii hajawahi kufumbua macho kwenye picha."

---

Chumba cha Taiwo kilikuwa na dirisha moja, na Asabi alikuwa ameliziba kwa blanketi. Aliyetoka uani kwenye jua la Ogbomosho akaingia mle, alikuwa kipofu kwa muda. Rafiu aliingia akipapasa ukuta. Alisikia pumzi kwanza, fupi, zenye mkwaruzo. Akasikia harufu ya majani yaliyochemshwa na uji wa mahindi uliochacha.

"Simama hapohapo," Asabi alisema. "Utamkanyaga."

Akasimama. Polepole giza likaanza kumpa vitu kimoja kimoja: weupe wa kitambaa kichwani mwa mkewe, ukingo wa bakuli la bati, mkono mdogo juu ya mkeka.

"Kehinde aliniulizia?" aliuliza.

"Aliulizia maji."

Alikaa chini. Alitaka kumshika mkewe bega, lakini hakujua kama mkono wake ungekaribishwa.

"Mama anasema..."

"Nimemsikia Mama. Nyumba hii haina dari. Nimewasikia wote." Asabi alikuwa akinong'ona, na kunong'ona kwake kulikuwa kukali kuliko kelele. "Mtoto anapigania pumzi, ninyi mnataka picha. Picha ya nini? Sema ukweli wako, Rafiu. Mama yako anaogopa Kehinde atamvuta mwenzake. Wewe unaogopa nini?"

Rafiu aliutazama ule mkono mdogo juu ya mkeka.

"Unaogopa atakwenda na huyu, ubaki na yale mabunda ya shali."

"Ndiyo," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu afike kusema kitu alichokuwa akikifikiri. Taiwo alikohoa, kikohozi kikavu kilichomkunja kama jani, na mama yake akamgeuza ubavu, akamfuta mdomo. Macho ya mtoto yalikuwa yamevimba na kugandana. Alipojaribu kuyafungua alilia kwa sauti ndogo, akayafumba.

"Kiwashwe hata kibiriti mbele ya macho haya," Asabi alisema, "nitaondoka nyumba hii na mtoto wangu na sitarudi. Sikutishi. Nakwambia."

Rafiu alitoka. Siku ile haikusemwa tena habari ya picha.

Asubuhi yake Asabi mwenyewe ndiye aliyemwita. Alikuwa kwenye ufa wa mlango, nusu ya uso gizani.

"Lile jicho la mke mwenza," alisema. "Linataka mwanga kiasi gani?"

"Uliopo tu."

"Uliopo wapi? Humu hamna mwanga."

"Umo. Ningekuwa sioni kitu, ningesema haumo. Mimi hapa nakuona."

Asabi aliegemea mlango. Alikuwa hajalala tangu Jumatatu, na alisema jambo lile bila machozi, kama mtu anayetaja kitu kilichopotea jikoni.

"Nimeanza kumsahau. Nikifumba macho namwona Taiwo tu. Taiwo na vipele. Kila ninapomtafuta Kehinde, huyu anakuja mbele yake. Walikuwa wawili, nilikuwa nawajua hata kwa kunusa, sasa nimebaki na mmoja machoni." Alivuta pumzi. "Mpige. Nipe uso wa mwanangu. Lakini dirisha halifunguliwi."

---

Rafiu alisubiri saa za mchana, jua lilipokuwa limesimama juu ya paa. Alikuwa ameweka kamera juu ya tofali mbili ili isitikisike, lenzi ikiwa karibu na mkeka kiasi cha mkono mmoja. Kwenye pete ya lenzi ile palikuwa na namba ambayo haikuwemo kwenye lenzi nyingine yoyote mjini: moja nukta mbili. Maana yake, tundu lake likifunguliwa lote, halibakizi kitu, kioo kizima kinakuwa mlango. Rafiu aliizungusha pete ile mpaka ikagota.

Alijua bei ya kufungua hivyo. Lenzi iliyofunguliwa yote hula mwanga kwa pupa, lakini huona wembamba. Kitu kimoja tu ndicho huwa wazi, unene wa kidole. Kilicho mbele yake na kilicho nyuma yake huyeyuka kama mafuta ya mawese kwenye jua. Ukilenga kope, sikio limekwenda.

Akaweka jicho kwenye kitundu cha kutazamia, na mwanzoni hakuona chochote. Alikaa hivyo. Nje Bibi Ayoka alikuwa akimfukuza kuku. Alikaa hivyo mpaka shingo ikamuuma, na hapo ndipo mwanga ukaanza kujitokeza.

Ulikuwa ukiingia mahali ambapo hakuwahi kupatazama. Misumari ya bati ilikuwa imelegea, na kila tundu lilikuwa likidondosha uzi mmoja wa jua, mwembamba, ukafa kabla haujafika chini. Chini ya mlango palikuwa na mstari. Pembeni mwa blanketi, pale lisipogusa fremu, palikuwa na unyoya wa rangi ya asali. Mwanga huo wote, wenye haya, ulikuwa ukigusa kuta za udongo, ukirudi, ukigusa kitambaa cha Asabi, ukirudi tena, hadi ukafika umechoka kwenye shavu la mtoto. Na ulitosha. Maisha yake yote ya kazi Rafiu aliingia kwenye nyumba za watu na taa ya kumulika, kama mwizi na tochi yake, akatoka bila kujua nyumba zile zilikuwa na mwanga wa namna gani.

"Vipi?" Asabi alinong'ona. "Huoni?"

"Naona," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, na Asabi akamtazama. "Inua hilo bakuli la uji. Uligeuzie mlangoni. Kidogo. Hapo."

Bakuli lilikuwa la bati jeupe, lililobanduka rangi ukingoni. Lilichukua ule mstari wa chini ya mlango, likaulaza juu ya uso wa Taiwo, laini kama mkono. Mtoto hakukunja uso. Hakujua kama ameguswa.

Rafiu alizuia pumzi, akalenga kope, akabonyeza.

"Mgeuze sasa upande wa pili. Taratibu."

Asabi alimgeuza. Rafiu akasogeza tofali, akalenga tena. Lakini Taiwo, katika kugeuzwa, alipata nafuu ya pumzi, na akafanya kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu Jumanne: aliinua kichwa kutoka kwenye mkeka, macho yamefumbwa, akakielekeza kwenye sauti ya baba yake. Kilikuwa kitambo kidogo. Kidole cha Rafiu kilikuwa kimekwisha bonyeza.

Kisha kikohozi kikaja, na Asabi akasema, "Basi. Toka."

---

Chumba cha giza cha Rafiu kilikuwa nyuma ya studio, kipana kiasi cha mtu na meza yake. Aliikuza filamu, akaianika, akaitazama kwa lenzi ya mkononi.

Ya kwanza ilikuwa kazi ambayo hakuwahi kuifanya. Kila ukope ulikuwa peke yake. Ungeweza kuona chumvi iliyokauka pale chozi lilipopita. Nyuma ya kope hizo ulimwengu wote ulikuwa umelainika na kwenda zake. Ya pili ilikuwa imeharibika. Mtoto alikuwa amekuja mbele ya pale lenzi ilipokuwa ikitazama, na kilichotoka wazi ni misuko ya mkeka nyuma ya kichwa chake, na uso ulikuwa kama unaonekana chini ya maji.

Rafiu aliikunja ya pili, akaiweka pembeni. Alitumia ile ya kwanza mara mbili. Alichapa nusu ya karatasi, akaifunika, akaigeuza filamu nyuma mbele, akachapa nusu ya pili. Watoto wawili walilala wakielekeana, paji kwa paji. Chungu cha maua hakikuhitajika, giza la chumba lilikuwa limeziba mshono lenyewe.

Bibi Ayoka aliposhikishwa picha ile alikaa chini.

"Hii umepigia wapi?"

"Mle ndani."

"Mle ndani hamna mwanga."

"Umo, Mama."

Bibi aliipitisha kwa wageni, na kila aliyeipokea alishusha sauti. Popoola aliichukua akaenda nayo mlangoni, akarudi, akaenda nayo tena. "Rafiu," alisema mwishoni, "ile lenzi yako niliyoicheka nikaiita sufuria, naomba msamaha wake." Maharage yakaletwa, yamemiminiwa mawese, yakawekwa mbele ya picha juu ya kabati. Alhaja Sidi alileta kipande cha kitambaa cha kuizungushia. Watu walisema sasa nyumba imetulia. Kwa mara ya kwanza tangu arudi, Rafiu alijiona ana mahali pa kuweka mikono yake.

Kisha Asabi akaletewa. Alitoka chumbani, akafumba macho kwa ukali wa jua, akasubiri, akaangalia. Aliangalia kwa muda mrefu.

"Huyu ni Taiwo," alisema, akigusa upande wa kushoto. Akahamisha kidole. "Na huyu ni Taiwo aliyegeuzwa."

"Ndivyo inavyofanywa," Bibi Ayoka alisema.

"Najua inavyofanywa. Lile kovu la nyusi, siku alipoangukia mchi. Hapa liko kulia, hapa liko kushoto. Kehinde hakuwa na kovu. Vipele hivi vitatu vya kidevuni ni vya Taiwo. Hata huku kukunja mdomo ni kwake, Kehinde alikuwa analala mdomo wazi." Alimrudishia mumewe picha kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani. "Ni nzuri. Lakini mwanangu hayumo."

"Watu wanakula maharage ya mtoto wako hapa, wewe unaikataa picha yake!" Bibi alisema. "Unataka akose pa kukaa?"

"Nataka nimwone, Bibi."

"Ningeupata wapi uso mwingine?" Rafiu alisema. Hakukusudia kupaza sauti, lakini wageni wote waligeuka. "Niambie, Asabi! Ningeutoa wapi? Uso uliopo ni mmoja!"

Asabi alirudi gizani, akafunga mlango.

Picha ile ilikuwa na kosa moja tu, kwamba ilikuwa kali mno. Kwa wateja wake Rafiu alitumia mwanga mkubwa uliowapauza watoto usoni, wakafanana na yeyote. Hii ilikuwa imemwonyesha Taiwo mpaka kwenye ngozi ya kope, na palipoonyeshwa Taiwo kiasi kile hapakubaki nafasi ya mwingine.

---

Jumapili homa ilipanda mpaka Taiwo akaacha kulia, na kuacha kulia kulitisha kuliko kilio. Nesi yuleyule aliyezomewa alikuja, akakaa sakafuni saa nyingi akimfuta kwa maji, na safari hii hakutamka neno lolote, la sokoni wala la makaburini. Bibi Ayoka aliomba kwa Mungu, na bila kuacha kuomba akasogeza sahani ya maharage karibu zaidi na picha. Rafiu alikaa kizingitini. Jumatatu adhuhuri mtoto alitokwa na jasho, akalowesha mkeka. Jioni akaomba uji, akautapika, akaomba tena.

Jumanne mchana, Taiwo akiwa amelala usingizi wa kawaida, Asabi alikwenda studio. Hakuwahi kukanyaga ndani tangu ile lenzi iingie. Alimkuta Rafiu ameketi bila kazi.

"Ulibonyeza mara mbili," alisema. "Nilisikia."

"Ya pili imeharibika."

"Nionyeshe."

"Hamna kitu cha kuona, Asabi. Aliinua kichwa, lenzi ikamkosa. Uso umekuwa ukungu."

"Nionyeshe huo ukungu."

Alimwingiza kwenye chumba cha giza, akavuta mlango, wakabanana mezani. Taa nyekundu ilimfanya kila mmoja wao aonekane mgeni kwa mwenzake. Rafiu aliikunjua filamu, akamulika karatasi, akahesabu kimoyomoyo, akazima. Karatasi ilikuwa nyeupe tupu. Akaitumbukiza kwenye dawa.

"Haina kitu," Asabi alisema.

"Ngoja."

Ukaja mkeka kwanza, misuko yake. Kisha ukaja weusi wa chumba. Katikati pakabaki peupe, na kwenye peupe pale, taratibu, bila mstari wowote, ukaanza kukusanyika uso. Ulikuja kama mtu anavyokuja kutoka mbali kwenye vumbi, kwanza umbo, halafu mwendo. Haukuwa na kovu. Haukuwa na kipele hata kimoja. Ulikuwa uso wa mtoto wa miaka minne aliyeinua kichwa kusikiliza, mdomo wazi, kama anayetaka kusema jambo kisha akimbie.

Asabi alishika ukingo wa meza.

"Atazidi kuwa wazi?" aliuliza.

"Hapana. Ni hivyo tu."

"Basi. Mwache hivyohivyo." Alisogeza uso wake karibu na beseni mpaka pumzi yake ikagusa dawa. "Kehinde," alisema.

Rafiu alitaka kumweleza. Alikuwa na maelezo yote mdomoni: kwamba ni mtoto yuleyule, kitambo kilekile, tofauti ni kichwa kusogea mbele kiasi cha kiganja, kwamba kovu limo humo, limeyeyuka tu. Alifungua mdomo. Na wakati ule, chini ya dawa, yeye pia akamwona. Hakumwona kwa kudhani. Alimwona kama alivyokuwa akisimama mlangoni mwa studio, kabla hajakimbia. Akakaa juu ya ndoo.

"Dawa itamla asipotolewa," alisema baadaye, kwa shida. "Mhamishe kwenye beseni hili. Kisha hili la maji. Ukimweka kwenye maji, tikisa beseni polepole, asigandie chini."

Asabi alimhamisha kwa ncha za vidole. Alishika beseni la maji kwa mikono miwili, akaanza kulitikisa, huku na huku, na maji yakapanda na kushuka juu ya ule uso.

"Mpaka lini?"

"Nitakwambia."

Maji yalikuwa yakigonga bati kwa sauti ndogo, ya kulingana. Baada ya muda Asabi alianza kuguna, si wimbo, mvumo tu wa kooni, ule ambao mama huwa hajui kama anautoa. Rafiu alikuwa na saa mkononi. Aliitazama mara moja, akateremsha mkono wa shati juu yake.

Muda wa maji ulikwisha. Hakumwambia.